Mpole Amekataa Kupimiwa

"Ile ya juzi umeila?"

Dada Mkubwa aliuliza bila kugeuza shingo. Alikuwa amesimama mbele ya kabati lake la vyakula, anapima sukari ya siku nzima kwa kifuniko cha chupa, na wageni wake wawili, majirani wa nyumba ya pili, wameketi hapo hapo sebuleni na masikio wameyasimamisha. Mmoja akaguna. Mwingine akafunika mdomo kwa kiganja, lakini mabega yalimsaliti.

Mpole alibaki mlangoni, taulo kifuani, ndoo ya maji ya moto inafuka mvuke nyuma yake. Alichoomba ni sabuni ya kuogea tu.

"Sijaila, wifi. Tumeiogea. Tuko watatu humu ndani."

"Basi ogeni kwa akili. Mnasugua kama mnaosha gari."

Sasa wageni walicheka waziwazi. Dada Mkubwa akatoa mche wa sabuni kabatini, akaukata kwa kisu, kipande chembamba kama biskuti, akamnyooshea wifi yake mbele ya macho yale manne. "Shika. Hicho kifike mwisho wa wiki."

Mpole alikitazama kile kipande. Mkono wake haukuacha taulo.

"Kaa nacho, wifi."

"Unasema?"

"Nimesema kaa nacho."

Akaoga kwa maji matupu, akavaa, akatoka bila kunywa chai. Nyuma yake alisikia sauti ya kisu kikiwekwa mezani, na kimya cha watu watatu ambao wameona paka akijibu.

Jina la Mpole hakupewa na wazazi wake. Alipewa na Dada Mkubwa katika wiki za mwanzo za ndoa, kwa sababu alikuwa akiambiwa kaa anakaa, akiambiwa inuka anainuka. Na wakati ule hakuona ubaya. Alikuwa amependa, na mtu aliyependa huona hata ukuta unamtabasamia.

Alimpata mumewe saluni. Yeye alikuwa msusi, naye alikuwa fundi wa mafriji aliyeitwa kutazama friji la soda lililogoma. Waya mmoja tu ulikuwa umelegea. Fundi akalitengeneza siku mbili. Kila alipoinamisha kichwa nyuma ya friji, macho yake yalitokea upande wa pili, yakimtafuta yule msusi mwenye vidole virefu. Mwenye saluni akamwambia, "Fundi, sema unachotaka, umeme wangu unaisha." Akasema. Hata mwaka haukupita wakaoana.

Fundi alilelewa na dada yake. Wazazi walipoondoka duniani, Dada Mkubwa alikuwa msichana ambaye bado anaota kuolewa. Akaacha kuota. Akawafulia watu nguo mpaka ngozi ya vidole ikapasuka, akamlisha mdogo wake, akamsomesha ufundi. Kwa hiyo Fundi alipoanza kupata mshahara, aliuweka kiganjani mwa dada yake, wote, na alipooa hakubadili. Mpole naye akaambiwa alete anachopata saluni. "Nyumba moja, mfuko mmoja," alisema Dada Mkubwa, na maneno yale yalisikika matamu. Ilimchukua Mpole muda kutambua kwamba mfuko ule ulikuwa na mikono miwili tu, na yake haikuwamo.

Akitaka mafuta ya kupaka, aombe. Akitaka nauli ya kwenda kumwona mama yake, aeleze kwanza mama anaumwa nini. Mwezi uliopita alitaka viatu, vya kwake vimefungwa kwa uzi, akajibiwa, "Msusi unasimama pale pale siku nzima. Viatu vya nini?"

Na hakuwa mbadhirifu. Mpole alijua kubana. Alikulia katika nyumba iliyoweza kugeuza mabaki ya jana kuwa karamu ya leo. Kubana hakukumuuma. Kilichomuuma ni kubanwa.

Jioni ile Fundi alirudi kabla jua halijazama, ameshika begi lake la zana, uso umechoka lakini macho yakimtafuta mkewe kama kawaida yake. Jikoni hakukuta moto. Mpole alikuwa ameketi kwenye kiti cha mezani, mikono mapajani. Dada Mkubwa alikuwa amesimama, mikono kiunoni.

"Muulize mkeo," alianza dada. "Tangu arudi kazini hajagusa sufuria. Na asubuhi kanitukana mbele ya watu."

"Nilimtukana vipi, wifi? Yarudie basi maneno yenyewe."

"Ulinitazama!"

Fundi aliweka begi chini. "Jamani. Nimetoka kazini. Kuna nini?"

"Kuna hivi," alisema Mpole, na sauti yake ilikuwa ya chini kuliko walivyozoea, lakini haikutetereka. "Kuanzia leo sipimiwi. Si sabuni, si sukari, si nauli. Nafanya kazi, wewe unafanya kazi. Nataka hela ikiingia humu tukae mezani, sote watatu, tuseme hii ya kodi, hii ya chakula, hii ya dharura. Nikiambiwa viatu havipo mwezi huu, nijue kwa nini havipo. Nitavaa hivi hivi vyenye uzi na nitacheka. Lakini nijue."

"Mke wangu, vumilia kidogo. Dada anajua anachofanya."

"Nami?"

"Nawe... nawe tunakupenda."

"Sikuuliza kama napendwa."

Dada Mkubwa akapiga meza kofi. "Unadhani nakula hela zenu? Mimi? Hebu nitazame nguo niliyovaa! Kila ninachobana humu naweka akiba ya kiwanja! Kiwanja chenu, cha kujenga nyumba yenu, mzae watoto wenu. Mimi nitakwenda nacho wapi?"

Nje mtu alipita akiburuta toroli, magurudumu yakalia mpaka mwisho wa mtaa.

"Kiwanja," alisema Mpole polepole.

"Ndiyo, kiwanja!"

"Kiwanja changu. Ambacho mimi mwenyewe nakisikia leo." Akageuka kumtazama mumewe. Alitaka kuona mshangao kwenye uso ule anaoujua kila kona. Hakuuona. Fundi alikuwa ameinamisha macho, anakitazama kidole gumba cha mguu wake.

"Ulijua?"

Fundi akasogeza begi la zana kwa mguu.

"Baba watoto wa kesho, nakuuliza. Ulijua?"

"Dada alisema... tusiseme mapema. Isije ikavuja. Nilitaka iwe furaha ya ghafla."

"Nimekaa humu nikiomba sabuni kama mpangaji aliyechelewesha kodi, unaniona, unajua hela inakwenda wapi, na usiku unalala ubavuni kwangu umenyamaza." Macho yalimjaa maji, lakini hakuyaruhusu yatoke. "Furaha ya ghafla. Basi umefanikiwa. Imekuwa ghafla."

Akaingia chumbani. Alipotoka alikuwa na begi moja na mfuko wa vitana vyake vya kusukia. Fundi alisimama mlangoni, mkono kwenye fremu, si wa kumzuia, ni wa kujishikilia.

"Unakwenda wapi?"

"Ninapojua bei ya kila kitu."

"Mpole..."

"Jina hilo muachie dada yako. Yeye ndiye aliyelinunua."

Akapita chini ya mkono wake. Alisikia harufu ya grisi na jasho lake, ile harufu iliyokuwa ikimfanya atabasamu jioni, lakini hakugeuka.

Mwenye saluni alimpa chumba cha nyuma kinachowekwa ndoo na masanduku ya dawa za nywele. Wakatoa masanduku, wakaweka godoro. Habari ikatembea haraka kuliko yeye, na kabla wiki haijapinda mama yake mzazi akatokea, amevaa nguo ya safari na uso wa msiba.

"Mwanangu, watu wanasema umeachika kwa sababu ya sabuni."

"Sijaachika, mama. Nimetoka."

"Tofauti yake nini?"

"Aliyeachika anasubiri kuitwa. Mimi sisubiri."

Mama aliketi juu ya ndoo iliyofunikwa, akapangusa jasho. "Yule mwanamume hakupigi. Halewi. Anakupenda, hata kipofu anaona. Rudi, uombe radhi, mambo yaishe. Mimi na baba yako, unafikiri nilijua mshahara wake? Sikuujua mpaka anazikwa."

"Na ulipoujua?"

Mama akatazama viatu vya binti yake, vile vyenye uzi. Akasema kwa sauti ndogo, "Nililia kwa hasira kuliko nilivyolia kwa msiba." Akasimama, akajikung'uta nguo. "Haya. Usirudi kama hutaki. Lakini kula. Umekonda."

Mchana Mpole alisuka, alicheka na wateja, alipiga soga. Jioni, kabla giza, aliketi kwenye ngazi ya nyuma na kujidanganya kwamba hasikilizi hatua za watu barabarani. Alimkumbuka Fundi kwa mambo ya kijinga: anavyopuliza chai iliyopoa tayari, anavyozungumza na mafriji kama wagonjwa, "haya mama, pumua." Alikuwa na hasira naye, na alimtaka, na vitu hivyo viwili viligombea mahali pamoja kifuani bila kupisha.

Fundi akaja siku ya Jumamosi, saluni imejaa hadi mlangoni.

Mpole alikuwa na kichwa cha muuguzi mikononi, nusu kimesukwa, nusu kimesimama juu kama kimeona jini. Wateja wengine walikuwa chini ya mashine za kukaushia. Fundi aliposimama mlangoni, shati limepigwa pasi vibaya, mashine zilizimwa moja baada ya nyingine. Hakuna aliyetaka kupitwa.

"Habari za kazi," alisema.

"Nzuri. Friji halijaharibika."

Mwenye saluni akakohoa kuzuia kicheko.

"Nimekuja kuzungumza na wewe. Tunaweza kutoka nje?"

"Nina kichwa cha mtu hapa. Sema."

"Hapa?"

"Mimi niliulizwa kama nimekula sabuni mbele ya wageni. Na wewe jaribu."

Fundi alimeza mate. Akawatazama wanawake wale, akatazama dari, kisha akamtazama mkewe, na macho yake yalipofika pale yakatulia, kama mtu aliyetua mzigo. "Nimekosa," alisema. "Nilidhani nikinyamaza sichukui upande. Kumbe kimya changu chote kilikuwa upande mmoja. Nyumba ile haina sauti bila wewe. Naingia, nasikia kijiko tu."

Vidole vya Mpole vilisimama kwenye nywele.

"Dada nimemwambia nitahama," aliendelea, akipata nguvu. "Na nimekwisha fanya jambo. Nimepata chumba! Kikubwa, kina baraza. Nimelipa kodi ya mwanzo jana, kwa mshahara wa mwezi huu. Twende zetu leo leo."

Wateja wakashangilia. Mmoja akapiga makofi. Muuguzi akajifuta jicho.

Mpole hakushangilia.

"Umelipa?"

"Ndiyo!"

"Umemuuliza nani?"

Makofi yakafa. Fundi alibaki na tabasamu usoni, halijui liende wapi.

"Nilitaka iwe..." Akajisikia mwenyewe, akanyamaza.

"Malizia. Furaha ya ghafla." Mpole aliachia kichwa cha muuguzi, akajifuta mikono kwenye aproni. "Ulinitoa kwenye mfuko wa dada yako, ukanitia kwenye wa kwako. Chumba nitakacholala mimi, kwa hela ya miezi nitakayobana mimi, sijakiona hata mlango. Kodi yake ni kiasi gani?"

Fundi alitaja. Saluni nzima ikavuta pumzi.

"Baraza lenyewe la dhahabu?" aliuliza mwenye saluni.

"Kairudishe," alisema Mpole. "Kama hawairudishi yote, waombe hata nusu. Kisha njoo hapa mikono mitupu, uniulize."

Fundi alisimama. Kila mtu alitegemea akasirike, na kwa muda kidogo taya lake lilikaza kweli. Halafu pembe ya mdomo ikaanza kucheza. "Mwenye nyumba ni mkali," alisema.

"Na mimi?"

"Wewe zaidi." Akatoka karibu akikimbia.

Muuguzi akamtazama Mpole kwenye kioo. "Dada, mwanamume anayerudishwa mbele za watu na bado akatoka anacheka, usimwache. Lakini kwanza malizia kichwa changu."

Fundi alirudi jua likielekea kushuka, jasho limemlowesha mgongo. Alikuwa amepata zaidi ya nusu, baada ya kumtengenezea mwenye nyumba friji lake bure. Hakuanza na habari hiyo. Alisimama mbele ya mkewe, mikono imeachwa wazi pembeni, akauliza, "Mke wangu, unaonaje, tukaishi wapi?"

Mpole alijibana asitabasamu. Akashindwa.

Walitafuta pamoja wiki nzima, kila baada ya kazi. Wakakataa chumba kizuri kwa sababu maji yalikuwa ya kununua. Wakakataa kingine kwa sababu ya dari lililoloa. Waligombana barabarani, Mpole akitaka karibu na kazi ya Fundi waokoe nauli, Fundi akitaka karibu na saluni ili mkewe asitembee na viatu vile. Hakuna aliyekuwa amewahi kugombana na Mpole hivyo, kama mtu mwenye haki ya kushinda. Akashinda Fundi safari hiyo, naye Mpole hakuumia hata kidogo. Wakachukua chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, kina dirisha na bomba la uani.

Kisha wakaenda kumwambia Dada Mkubwa walichopanga. Mpole ndiye aliyesema twende wote.

Dada aliwasikiliza akiwa amesimama pale pale kabatini. "Kwa hiyo umemchukua," alimwambia Mpole. "Mtoto niliyemlea kwa mikono hii."

Mpole aliitazama mikono ile, na makovu yake. Moyo ulimlainika, lakini hakuuruhusu umtoe njiani. "Sikumchukua, wifi. Yuko mtaa wa tatu. Na hakuna atakayekusahau. Tumekaa, tumeona kila mwezi tunaweza kuleta fungu lako la kodi na chakula, tena kabla hatujanunua cha kwetu. Kiwanja kitasubiri mpaka tukae sote watatu tukizungumze."

"Na mkishindwa? Nyie hamjui kuishi. Hela itaisha kabla mwezi haujafika katikati, mtarudi hapa mnalia."

"Labda itaisha."

"Mtakula nini?"

"Tutaangalia."

"Dada," alisema Fundi, na hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kumkatiza dada yake tangu azaliwe, "tumeamua."

Dada Mkubwa alifunga kabati. Hakuwaaga. Lakini walipofika kwenye kona, Mpole aligeuka akamwona dirishani, amesimama, anawahesabia hatua.

Mwezi wa kwanza ulikuwa mtamu na wa kichaa. Walinunua jiko, likala hela nyingi kuliko walivyopanga. Fundi akaibiwa koleo na bisibisi kazini, ikabidi anunue nyingine. Mpole alipata wateja wachache kwa sababu ya mvua. Kila Ijumaa walikaa kitandani, maana kiti hakikuwapo, wakagawa walichopata, wakabishana, wakatupiana mto. Fundi alitaka redio. Mpole akasema redio ni yeye. Fungu la dada likatoka kwanza, kama walivyosema. Na kweli, mwezi haujaisha, wao wakaisha.

Jioni hiyo walikuwa na viazi vya kuchemsha na chumvi, na chai isiyo na sukari. Walikuwa wanakula kwenye sahani moja, magoti yamegusana, Fundi akimsimulia jinsi tajiri mmoja alivyolaza simu yake ndani ya friji akailaumu kampuni ya simu, na Mpole alikuwa amecheka mpaka amelala ubavu, mlango ulipogongwa.

Dada Mkubwa aliingia bila kungoja. Macho yake yalizunguka chumba: jiko, godoro, ukuta mtupu, sahani. Yakatua kwenye viazi.

"Nilijua," alisema. "Mmeishiwa."

Fundi alianza kuinuka, kwa mazoea ya miaka, apate kujieleza. Mpole akamwekea mkono gotini, akabaki chini.

"Ndiyo, wifi, tumeishiwa," alisema, kichwa juu, bado ana chozi la kicheko kwenye kope. "Tumeishiwa wenyewe, hela yetu, kwa akili yetu na ujinga wetu. Mpaka Jumatatu ni viazi." Akasogea kitandani, akaacha nafasi kati yake na mumewe. "Viazi vipo vya kutosha. Vua viatu, kaa."

Dada Mkubwa alisimama pale kwa muda mrefu, mkoba umekumbatiwa kifuani, mdomo umebanwa.

Kisha akainama, akaanza kufungua kamba za viatu.

"Chumvi mmezidisha," alisema.